Prosesa Inabadilishwa Lini: Barua kwa Mwanangu wa Tunduma

Mwanjelwa, Mbeya
11 Januari 2026

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia kwamba duka limeshika kasi na kwamba wateja wa kadi za harusi wameanza kukufuata hadi kutoka Vwawa. Huku sote tu wazima, mvua inanyesha vizuri, na bibi yako amesema Pasaka hii anakutegemea nyumbani.

Umeniuliza kama ununue kompyuta sasa au usubiri, kwa kuwa rafiki yako wa pale mpakani amekuambia chipu za nanomita 2 zimeshaanza kutengenezwa na mashine za leo zitakuwa takataka muda si mrefu. Jibu langu nalitanguliza: usisubiri nanomita yoyote. Prosesa inabadilishwa kazi yako inapokwama kwenye prosesa yenyewe, au programu unazozitegemea zinapokataa kuipokea. Wewe umefikiwa na yote mawili, ila si kwa kazi zako zote. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu fedha unayotaka kuitoa ni ya mtaji, na mtaji wa duka changa hauchezewi.

Rafiki yako hajakudanganya. TSMC ya Taiwan ilianza kuzalisha kwa wingi chipu inazoziita za nanomita 2 mwishoni mwa mwaka jana. Lakini namba hiyo siku hizi ni jina tu. Zamani ilikuwa kipimo kweli: prosesa ya kwanza ya Intel, 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 zilizochorwa kwa kipimo cha nanomita 10,000. Leo ukichukua chipu inayoitwa ya nanomita 3, ukapima kutoka lango la transista moja hadi la jirani yake, utakuta makumi ya nanomita. Anayekuuzia nanomita anakuuzia jina la kizazi cha kiwanda.

Wazo la kwamba ukisubiri kidogo utapata mashine bora mara mbili lina chimbuko lake, na wakati fulani lilikuwa kweli. Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Katikati ya hapo, mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake wa IBM walieleza kwa nini kupunguza ukubwa wa transista kulikuwa na faida ya ziada: ikiwa ndogo zaidi inahitaji volteji ndogo na umeme kidogo, kwa hiyo unaweza kuikimbiza zaidi bila joto kuongezeka. Ndiyo maana Pentium ya mwaka 1993 ilianza na megahezi 60, na Pentium 4 ya mwishoni mwa mwaka 2000 ikaja na gigahezi 1.5. Aliyesubiri miaka mitatu enzi zile alipata mashine nyingine kabisa, na kila programu aliyokuwa nayo ilikwenda kasi zaidi bila yeye kufanya lolote.

Katikati ya miaka ya 2000 faida hiyo ilikatika. Transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimefungwa, volteji ikagoma kushuka, joto likapanda. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakiongeza viini (core) ndani ya prosesa badala ya kasi, na viini vingi vinamsaidia yule tu ambaye programu yake inajua kugawa kazi.

Kupunguza ukubwa wa transista nako kukachelewa. Intel ilifika nanomita 14 mwaka 2014, na kwenye kompyuta za mezani ikabaki hapo kuanzia prosesa za Core za kizazi cha 6 za mwaka 2015 hadi za kizazi cha 11 za mwaka 2021. Vizazi sita, kiwanda kile kile kikiendelea kunolewa. Na ndani ya kipindi hicho ndipo lilipotokea badiliko lililo kubwa kuliko yote kwa mtu wa kazi kama zako: mwishoni mwa mwaka 2017, Core i5 ya mezani ilitoka viini vinne hadi sita, bila kuhama nanomita 14. Hicho ni kizazi cha 8. Kikumbuke, nitakirudia.

Hapa niseme jambo moja linalowahusu ninyi mnaoishi mpakani. Waya zinazounganisha transista ndani ya chipu zilikuwa za aluminiamu hadi mwaka 1997, IBM ilipotangaza kwamba inahamia kwenye shaba. Intel ilipokuwa inahangaika na chipu zake za nanomita 10, iliweka kobalti kwenye tabaka za chini kabisa, mahali ambapo waya ni nyembamba mno kwa shaba. Shaba na kobalti za Zambia na Kongo ndizo zinazopita kwenye malori mbele ya duka lako kwenda bandari ya Dar es Salaam. Watu wa Tunduma wanaona mavumbi na foleni, hawaambiwi kwamba madini hayo yanakwenda kufanya kazi ndani ya vitu ambavyo baadaye tunavinunua vikiwa mtumba. Mimi naona vijana wanaosoma sayansi pale Tunduma na Mbozi wangestahili kufundishwa hilo darasani.

Kadiri transista zinavyopungua ukubwa ndivyo chipu zinavyozidi kuwa ghali kutengeneza. Mashine za ASML ya Uholanzi, zinazochora kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, zinauzwa zaidi ya dola milioni 100 kila moja. Kwa hiyo chipu mpya kabisa huenda kwanza kwenye simu za bei ya juu na kwenye mitambo ya akili mnemba. Kwetu sisi kompyuta ya mezani hufika baada ya ofisi za Ulaya na Marekani kuitumia miaka kadhaa na kuiuza. Ukisubiri nanomita 2 ishuke hadi kwa wauza mtumba wa Kariakoo, utakuwa umefunga ndoa za watu wengi kwenye mashine inayokwama.

Sasa tuje kwenye boksi lako, hiyo kompyuta ya mezani uliyo nayo. Nilipopita dukani mwezi wa kumi na moja nikielekea Nakonde, upande wa Zambia, tulilifungua pamoja, na najua unakumbuka tulichokikuta. Kati ya mabati ya kupozea prosesa vumbi la kijivu lilikuwa limeshikana hata mwanga haupiti upande wa pili. Pesti iliyo kati ya bati na prosesa ilikuwa imekauka, inabanduka kwa ukucha. Joto lilikuwa linakaribia nyuzi 100, na prosesa ikifika huko hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tunduma ni mji wa baridi, hakuna sababu ya kompyuta kuchemka namna ile. Lile lilikuwa vumbi la malori la kiangazi kizima. Tulipopuliza, tukafuta na kupaka pesti mpya, joto likashuka hadi nyuzi sitini na kitu, ukasema imekuwa kama mpya. Kumbe ni ile ile i5-4570 ya mwaka 2013, ya nanomita 22, yenye transista bilioni 1.4. Ilikuwa na nguvu hiyo siku zote. Kusafisha mara mbili kwa mwaka, hasa kiangazi kinapokwisha, ndiyo kazi ya kwanza kabla hujatamka neno kununua.

Kazi ya pili ni kupima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha endelea na kazi zako za kawaida huku ukiitazama. Ulipofungua lile bango la kanisa kwenye Photoshop, CPU ilikuwa asilimia ishirini na kitu tu. RAM yako ya GB 4 ilikuwa imejaa, na diski iko asilimia 100, kwa sababu kompyuta ikikosa nafasi kwenye RAM huhamishia mzigo kwenye diski, na diski yako bado ni ile ya kuzunguka. Prosesa ilikuwa imekaa inasubiri. Lori lililo kwenye foleni Mpemba hata ulifunge injini kubwa kiasi gani, halitaingia Nakonde mapema. Vivyo hivyo unapojaza nyaraka za wateja kwenye mfumo wa forodha na ukurasa ukazunguka bila kufunguka: hapo kinachosubiriwa ni mtandao, na hakuna prosesa duniani itakayokusaidia.

Kwa kazi hizo za mabango, kadi, barua na kuchapa, weka SSD na uongeze RAM ifike GB 8. Mazabodi yako inatumia RAM za DDR3, ambazo mafundi wa Mwanjelwa wanazitoa kwenye mashine zilizokufa. Ukishafanya hivyo, boksi hilo litakuchapia kazi miaka mingine.

Video ni habari nyingine. Tulipofungua ile ya send-off iliyopigwa kwa iPhone, CPU ilipanda hadi asilimia 100 na haikushuka, picha ikawa inaruka, sauti inatangulia. Sababu yake ni mahususi. Tangu mwaka 2017 iPhone hurekodi kwa mfumo wa HEVC, unaobana video iwe ndogo. Kuifungua video hiyo kunahitaji hesabu nyingi sana, na prosesa za karibuni zimejengewa sehemu maalumu inayofanya hesabu hizo peke yake. Kizazi chako cha 4 hakikujengewa sehemu hiyo, kwa kuwa kilibuniwa kabla mfumo huo haujaenea. Kwa hiyo viini vyako vinne vinafungua kila picha kwa nguvu za mikono. Intel iliikamilisha sehemu hiyo kwenye kizazi cha 7, hata kwa zile video za rangi za biti 10, na kizazi cha 8 kikairithi. Hapo, mwanangu, ndipo kazi yako inapokwama kwenye prosesa kweli, na SSD wala RAM havitaiokoa.

La pili ni Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna muda wa nyongeza wa kupokea viraka vya usalama hadi Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha, na wewe jiandikishe leo. Windows 11 nayo haipokei prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, na inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mtaani wapo wanaoilazimisha iingie kwenye mashine za zamani, ikaingia na kufanya kazi, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine hizo hazina uhakika wa kupata viraka. Wewe unashika namba za TIN za watu, nywila zao za forodha, nakala za pasipoti na za leseni. Dereva wa Lubumbashi anayekuachia nyaraka zake asubuhi anakuamini. Kompyuta iliyoachwa bila viraka haifai kushika mambo ya namna hiyo hata siku moja, na katika hili sina nafasi ya kukubembeleza.

Utakutana na mtu atakayekushauri ubadilishe prosesa tu, uweke i7-4790 kwenye mazabodi yako. Itaingia, soketi ni ile ile, na kwa kazi fulani utaona nafuu. Lakini bado ni kizazi cha 4: HEVC itakukwamisha vile vile na Windows 11 itaikataa vile vile. Usitoe fedha hapo. Mwingine atakuambia utafute mazabodi ya kizazi cha 6 kwa bei nafuu, kisha baadaye uipandishie prosesa ya kizazi cha 8 kwa kuwa zote ni soketi 1151. Ni kweli namba ya soketi inafanana, lakini Intel ilibadilisha mpangilio wa umeme; kizazi cha 8 kinataka mazabodi zake zenyewe. Nimeshawaona vijana wakitembea na prosesa mfukoni kutafuta mazabodi ya kuipokea. Kwa hali yako ni heri ununue mashine nzima.

Kwa hiyo nunua ya mtumba yenye i5-8500 au ya juu yake. Ina viini sita, ni ya mwaka 2018, na imeandikiwa wati 65 ambapo yako imeandikiwa 84. Mfuko ukiruhusu, i5-12400 ya mwaka 2022 ni nzuri zaidi kwa kurenda video, maana ina viini sita vinavyobeba kazi kumi na mbili kwa pamoja. Muuzaji akikuambia tu "ni Core i5", muulize namba. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Namba ikiwa na tarakimu tano, zitazame mbili za mwanzo. Herufi T mwishoni ina maana ya prosesa iliyopunguzwa umeme na kasi, herufi U ni ya laptopu. Kisha iwashe mashine mwenyewe, andika tpm.msc uone kama TPM 2.0 ipo, na uangalie Windows 11 iliyomo kama imeingia kihalali. Chukua yenye RAM ya GB 16 tayari, kwa sababu bei ya RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa mwaka jana, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba, na kuongeza baadaye kutakuuma.

Uliuliza pia kama prosesa ndogo itakupunguzia LUKU. Tuhesabu. Tuseme umeokoa wati 40, unafanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni uniti 10.4, na kwa shilingi kama 350 kwa uniti unapata shilingi 3,640 kwa mwezi. Kwa mwaka haifiki hata elfu hamsini. Umeme peke yake hauwezi kuwa sababu ya kununua kompyuta. Ila umeme unapokatika hesabu inabadilika, kwa sababu mashine inayokula kidogo inakaa muda mrefu zaidi kwenye betri. Zipo kompyuta ndogo zenye prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023, iliyoandikiwa wati 6, ambayo kwa kazi za ofisi inakaribiana na Core i5 za mezani za mwaka 2015 zilizoandikiwa wati 65. Hapo ndipo ninapoiona faida ya kweli ya transista kupungua ukubwa kwa mtu wa Songwe. Ukifungua lile tawi la kuchapa kule Mlowo, lenye umeme wa jua, nunua hiyo. Kwa video za harusi haitakutosha.

Boksi la zamani usiliuze, kwa kuwa bei watakayokupa haina maana. Liwe la kuchapa na kutoa kopi, na mwezi wa kumi ukifika lichomoe kwenye intaneti, au uniletee nikuwekee Linux Mint. Faili za wateja zisibaki humo.

Baada ya hapo kaa utulie. Tenga video moja ya dakika tano, ya HEVC, iwe kipimo chako cha kudumu, uandike inachukua muda gani kurenda. Siku utakayojaribiwa na mashine mpya, nenda nayo dukani kwenye flashi, uirende pale pale mbele ya muuzaji. Muda usipopungua angalau kwa nusu, rudi nyumbani na fedha yako, hata kama kwenye boksi wameandika nanomita gani.

Kwaresima inaanza mwezi ujao na harusi zitapungua. Hizo ndizo wiki zako za kununua, kuhamisha faili na kuzoea, kabla Pasaka haijapita na watu hawajaanza kukugongea mlango. Ukipata mashine, kabla hujalipa hata senti, nitumie picha ya ukurasa unaoonyesha namba ya prosesa, kiasi cha RAM na ile TPM. Nitakujibu siku hiyo hiyo.

Msalimie mama yako na wadogo zako.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.